Feni ya laptopu inavuma, imenyamaza au haisikii programu: tafuta chanzo kwanza

"Inavuma hata nikiandika barua tu." "Inazima yenyewe nikiingia Zoom." "Nimeweka programu ya kuongoza feni, feni haina habari." Malalamiko ya feni hapa Dar yanajirudia, na wengi wanaouliza wanataka kitu kimoja: jina la programu ya kuiamrisha feni. Jibu langu huwa swali. Joto la prosesa (CPU, ubongo wa mashine) ni ngapi, na feni inazunguka kwa kasi gani? Bila namba hizo mbili utaishia kubadilisha programu moja baada ya nyingine, huku tatizo liko kwenye vumbi au waya.

Namba zenyewe na mahali pa kuzisoma

Kwenye Windows pakua HWiNFO, ni ya bure. Ikifunguka chagua "Sensors-only", kisha shuka hadi sehemu ya CPU uone joto. Ikiwa mashine yako inatoa kasi ya feni, utaiona kwa RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Kwenye Ubuntu na ndugu zake andika `sudo apt install lm-sensors`, halafu `sudo sensors-detect` (kubali majibu yanayopendekezwa), halafu `sensors`. Wenye Mac watumie Macs Fan Control. Ila MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 haina feni kabisa, kwa hiyo ukiona programu haikuonyeshi feni usianze kuhangaika.

Namba za Dar usizipime kwa video za watu wa Ulaya. Feni inapuliza hewa ya chumba, na haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo. Chumba chao kina nyuzi 20, chako Sinza mwezi wa pili bila kiyoyozi kina 31: kwa kazi ile ile na kasi ile ile ya feni, mashine yako itasoma takriban nyuzi 11 zaidi, na hakuna kilichoharibika. Mimi sishtuki laptopu iliyotulia ikisoma 45 hadi 58 hapa kwetu, wala ikifika 85 kwenye kazi nzito. Ikigota 95 na kung'ang'ania hapo, kuna jambo. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha karibu nyuzi 100. Zikikikaribia hujipunguza kasi zenyewe, na joto likizidi mashine inazima ghafla ili isiungue.

Jambo moja zaidi kabla ya dalili zenyewe. Feni haiongozwi na Windows. Kwenye ubao kuna chipu ndogo, mafundi huiita EC, yenye jedwali la kiwandani: joto likifika hapa, zungusha hivi. Chipu hiyo hiyo mara nyingi ndiyo inayosimamia kuchaji betri na kibodi. Programu yoyote ya feni inaiomba EC tu, na EC ina uhuru wa kukataa.

Dalili: feni inavuma muda wote, hata hufanyi kitu

Hii ndiyo inayoongoza, na mara nyingi feni haina kosa.

Anza na kazi zinazoendeshwa kimyakimya. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, kisha bonyeza neno CPU juu ya safu ili walaji wakubwa wapande juu. Mashine iliyotulia inatakiwa kuwa chini ya asilimia 10 hivi. Ukikuta 40, msumbufu utamwona hapo hapo: antivairasi inakagua, kivinjari kina kurasa 30 zilizofunguliwa, au Windows Update. Huyu wa mwisho ana tabia mbaya kwa sisi wa bando. Unakaa siku kadhaa bila intaneti, unawasha hotspot ya simu utume imeli moja, na masasisho yote yaliyolimbikizwa yanaanza kushuka kwa mpigo. Feni inapiga kelele na bando linayeyuka. Ingia Settings, fungua mtandao huo wa hotspot, washa "Metered connection". Utaokoa vyote viwili.

Kuna dalili ndogo inayostahili jicho la karibu. Feni inavuma, unafungua Task Manager, feni inatulia. Ukiifunga, baada ya muda kelele inarudi. Hapo shuku programu iliyojificha ya kuchimba sarafu za kidijitali. Baadhi yake husimama zikiona Task Manager imefunguliwa. Njia yao kubwa ni Windows na Office zilizofunguliwa kwa "krak", na laptopu ya used inaweza kuja nayo tayari tangu dukani. Fanya ukaguzi wa Microsoft Defender ule wa Offline. Ikirudi tena, hifadhi mafaili yako na upige Windows upya. Usipoteze wiki ukiwinda faili moja moja.

Kama CPU imetulia na joto bado liko juu, angalia mashine inapohemea. Laptopu nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini, kwa hiyo godoro, mto au kitenge kilichotandikwa mezani vinaziba pua. Iweke juu ya meza tupu, inua upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya chupa ya soda, subiri dakika kumi, soma tena.

Bado? Sasa ni vumbi. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa wakati feni inavuma. Hewa nyingi ya moto maana yake joto linatoka na kazi tu ndiyo kubwa. Hewa kidogo huku prosesa inasoma 90 maana yake njia imeziba. Ukifungua kava la chini la mashine iliyokaa Goba au Mbagala kando ya barabara ya vumbi, na ukainua kifuniko cha feni, utakuta kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotolea joto kuna utando wa vumbi, nywele na nyuzi za nguo, mzito kama kipande cha sweta. Unatoka mzima mzima kwa kibanio. Ndani ya utando huo usishangae kukuta mguu wa mende. Kupuliza kwa nje peke yake hakuuondoi; kunausogeza tu.

Ukiamua kusafisha mwenyewe: zima kabisa, chomoa chaja, na chomoa waya wa betri kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo beringi huumia. Na tafadhali, usiipeleke kwa fundi pancha ikapulizwe kwa kompresa ya matairi. Upepo ule una nguvu kupita kiasi na unabeba maji na mafuta. Brashi laini na blowa ndogo ya mkono vinatosha.

Sababu inayofuata kwa wingi ni pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye shaba) iliyokauka, hasa kwenye mashine za miaka mitano na zaidi, ambazo ndizo nyingi kwenye maduka ya used ya Kariakoo. Dalili yake ni tofauti na ya vumbi: ukifungua kitu kizito joto linaruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache, huku hewa inayotoka ni vuguvugu tu. Joto limekwama kwenye prosesa, halifiki kwenye shaba. Kama hujawahi kung'oa bomba la shaba, hapa mpe fundi.

Mwisho, kama joto ni dogo na feni inazunguka taratibu bila kukoma, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka. Kwenye HP nyingi unabonyeza F10 wakati wa kuwasha, na ndani kuna chaguo la "Fan Always On". Liondoe.

Ukitaka utulivu wa haraka bila kufungua chochote, kuna njia ninayoipenda kuliko programu zote za feni. Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, Processor power management, kisha "Maximum processor state" ishushe kutoka 100 hadi 99. Kwenye prosesa za Intel hilo huzima ule mwendo wa ziada wa Turbo, na joto hupungua bila feni kuguswa. Kwa Word, Excel na kivinjari hutaona tofauti kubwa ya kasi. Mashine nyingine huficha chaguo hilo. Kwa hizo tumia programu ya kiwanda, nitaitaja hapa chini.

Dalili: programu inaonyesha joto lakini feni haionekani, au inasoma 0

Laptopu nyingi hazitoi kasi ya feni kwa programu za nje. Hilo si hitilafu, na kupakua programu ya pili na ya tatu hakutaleta namba isiyotolewa. Tega sikio na weka kiganja: ukisikia upepo, feni ipo, namba ndiyo haipo. Pia mashine za kisasa husimamisha feni kabisa zikiwa baridi, kwa hiyo 0 pamoja na nyuzi 45 ni sawa. Ila 0, nyuzi 90 na hakuna upepo, ruka hadi dalili ya feni iliyosimama.

Dalili: umeweka programu ya kuongoza feni, feni haisikii

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kwamba programu na mashine havifahamiani. SpeedFan ni ya zamani, na FanControl imelenga zaidi kompyuta za mezani. Zikiwekwa kwenye laptopu mara nyingi hazioni feni yoyote ya kuongoza. NoteBook FanControl, maarufu kama NBFC, ndiyo iliyotengenezwa kwa laptopu, lakini inategemea faili la mipangilio la modeli yako hasa. Hapo ndipo watu wanapojiumiza. Hawaoni modeli yao kwenye orodha, wanachagua "inayofanana". Faili lile linaiambia programu ni sehemu ipi ya kumbukumbu ya EC iandikwe. Sehemu inayowasha feni kwenye modeli moja inaweza kuwa ya kazi nyingine kabisa kwenye modeli ya jirani. Modeli yako ikikosekana, acha. Usijaribu bahati.

Sababu ya pili: Windows imeizuia draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha ile kubwa kufikia vifaa vya ndani. Programu nyingi za aina hii zilitegemea draiva iitwayo WinRing0, yenye udhaifu wa kiusalama uliotangazwa mwaka 2020. Kuanzia 2025 Microsoft Defender imekuwa ikiitia alama kwa jina HackTool:Win32/Winring0 na kuiweka karantini, kwa hiyo programu iliyokuwa ikifanya kazi inaamka siku moja haina mikono. Utashauriwa uzime Defender. Usikubali: unafungua mlango wa ndani kabisa wa mfumo kwa sababu ya kelele ya feni. Tafuta toleo jipya la programu lililoachana na draiva hiyo, au iache.

Ya tatu: wasimamizi wawili. Programu ya kiwanda na programu uliyoongeza zote zinaiamrisha feni, moja inapandisha, nyingine inashusha. Bakiza moja.

Ushauri wangu ni kubakiza ya kiwanda. Lenovo ina Vantage, na kwenye IdeaPad na Legion nyingi Fn+Q hubadilisha kati ya hali ya utulivu na ya kasi. Dell ina mipangilio ya joto yenye hali za Quiet na Cool. MSI ina Cooler Boost, inayopandisha feni hadi mwisho. Hazikupi uhuru wa kuchagua mizunguko 2,340 kamili, lakini zinaongea na EC kwa lugha ambayo mtengenezaji aliipanga.

Wenye ThinkPad na Linux mna bahati yenu. Moduli ya thinkpad_acpi inakubali kuongoza feni, ila imefungwa mpaka uifungue: weka mstari `options thinkpad_acpi fan_control=1` kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d/, washa upya, kisha `echo level 5 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`. Viwango ni 0 hadi 7. Ukiandika `level auto` unarudisha usukani kwa EC. Kiwango 0 kinasimamisha feni, kwa hiyo kiogope. Kabla ya kucheza na viwango, andika `echo watchdog 120 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`, ili amri zako zikikatika kwa sekunde 120 usimamizi urudi wenyewe. Na tahadhari kuhusu `pwmconfig`, inayokuja pamoja na vifaa vya fancontrol: inajaribu feni kwa kuzisimamisha. Usiiendeshe mashine ikiwa moto.

Dalili: feni inapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache

Jedwali la feni lina ngazi zilizokaribiana mno. Joto likifika 60 feni inaongeza, linashuka hadi 58 inapunguza, linapanda tena. Kama ni jedwali lako mwenyewe, acha pengo la nyuzi 6 hadi 8 kati ya pa kupandia na pa kushukia. Kama ni la kiwandani, kwanza hakikisha hakuna kazi inayoamka na kulala nyuma ya pazia, kisha tafuta sasisho la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji. Sasisho la BIOS lifanye betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme wa mtaa wako ukikatika katikati, betri ndiyo mkombozi. Laptopu isiyokaa na chaji usiisasishe.

Dalili: feni haizunguki, mashine inachemka au inazima

Hapa hakuna programu. ThinkPad inaweza kukuandikia "Fan error" wakati wa kuwaka kisha ikazima. HP hutoa onyo la feni lenye namba 90B. Ukiruhusiwa kubonyeza Enter kuendelea, usiendelee kwa zaidi ya dakika za kunakili mafaili yako.

Jaribu moja kabla ya kwenda kwa fundi: zima, chomoa chaja, na betri kama inatoka kwa nje, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 na uwashe upya. Hiyo huiamsha EC iliyoganda. Kisha tumia jaribio la kiwandani: F12 na Diagnostics kwenye Dell, F2 kwenye HP nyingi. Likisema feni imefeli, imefeli.

Sababu kwa mpangilio: beringi imekwama kwa vumbi, feni imekufa, waya umelegea kwenye soketi yake, na mara chache ubao hautoi umeme wa feni. Kwa wakazi wa Kigamboni, Msasani na pwani nyingine ongeza kutu ya hewa ya chumvi kwenye pini za soketi. Ukinunua feni mpya, nenda dukani na ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyo kwenye lebo, volti (nyingi ni 5), idadi ya waya, na upande wa kutokea hewa. Feni ya waya tatu kwenye nafasi ya waya nne inaweza kuzunguka lakini isisikie amri ya kasi.

Dalili: mkwaruzo au kugonga

Programu inaweza kukusaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kujua kelele inaanzia kasi gani. Ikigonga mwanzoni kisha ikatulia, mara nyingi ni waya au uchafu unaogusa mapanga ya feni. Ikikwaruza kwa kasi zote, beringi imekwisha. Tone la mafuta ya cherehani hununua muda mfupi na kisha hukusanya vumbi zaidi. Badilisha feni.

Dalili: mashine nzito sana, lakini feni kimya na joto dogo

Hili huletwa kama tatizo la feni na silo. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uone kasi ya prosesa. Ikikwama chini ya 1 GHz hata ukiipa kazi, chomoa chaja. Ikichangamka, chaja ndiyo mkosaji: Dell, kwa mfano, ikishindwa kuitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri. Chaja za bei poa za mitaani zina ugonjwa huo kwa wingi.

Acha mara moja, muone fundi

Padi ya kugusia imeinuka au kava la chini limebinuka: betri imevimba, usiibonyeze wala usiichaji. Harufu ya kuungua. Maji au soda imeingia, hata kama mashine bado inawaka. Au mashine inazima kabla hata Windows haijafunguka, kila mara.

Dalili: joto limezidi baada ya fundi kusafisha

Inatokea kuliko mafundi wanavyokiri. Skrubu za bomba la shaba hazikukazwa kwa mpangilio wake wa namba, kwa hiyo shaba imekaa upande. Pesti mpya imepakwa juu ya ya zamani bila kufuta. Vipande laini vya kupitishia joto vya chipu ya picha vimetupwa na nafasi yake ikajazwa pesti, ambayo haifiki. Au waya wa feni haukurudishwa vizuri.

Kinga yake ni picha mbili za simu. Kabla ya kumkabidhi mashine, icheze video kwa dakika kumi na tano, kisha piga picha dirisha la HWiNFO. Akimaliza, kava likiwa limefungwa na skrubu zote zipo, rudia video ile ile hapo hapo kibandani na upige tena. Namba ya juu kabisa ya joto, iliyo kwenye safu ya "Maximum", inatakiwa iwe imeshuka wazi. Ikiwa pale pale, au imepanda, mwambie afungue tena kabla hujatoa hela.